Ukimya wa Kutosha Mto Mmoja

Swali huwa linaletwa hivi: kama hedifoni ya laki tatu inaninyamazishia injini ya ndege, kwa nini nisinunue spika kubwa yenye akili hiyohiyo, niiweke sebuleni, nyumba nzima itulie? Mimi narekodi sauti za matangazo nyumbani kwangu Sinza, Dar es Salaam, basi watu hudhani jibu ninalo mfukoni. Tena kuna ile video inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: kidude cha mviringo kinabandikwa kwenye kioo cha dirisha, mtu anakigusa kwa kidole, mtaa wote unanyamaza, wanabaki ndege wakiimba. Kidude hicho kinaitwa Sono. Ni wazo la mbunifu wa Austria, Rudolf Stefanich, na lilifika fainali za tuzo ya James Dyson mwaka 2013. Nasema wazo kwa makusudi, maana video ile inaonyesha kinachotamaniwa, na kila anayenitumia huniuliza bei.

Jibu fupi ni kwamba haiwezekani, walau si kwa chumba kizima. Jibu refu lina utamu wake, kwa sababu kuna sehemu inawezekana, na sehemu hiyo iko palepale ambapo nyumba zetu za joto zina udhaifu wake mkubwa.

Kufuta sauti kwa sauti ni jambo la zamani. Mjerumani Paul Lueg aliomba hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1933, na Marekani ikampa ya kwao Juni 1936. Mchoro wake wa kwanza ni wa bomba. Kelele inaingia upande mmoja, maikrofoni inaisikia na kuipeleka kwa waya hadi kwenye spika iliyo mbele zaidi, na spika inatoa kelele ileile iliyopinduliwa. Sauti ni hewa inayosukumwa na kuvutwa tu. Kelele inaposukuma, spika inavuta; kelele inapovuta, spika inasukuma; zinapokutana hewa haina sababu ya kutikisika. Na kwa kuwa umeme unakimbia kuliko sauti, spika inapata habari kabla kelele haijafika.

Lueg alianza na bomba, na ndani ya bomba jembamba sauti haina pa kwenda ila mbele. Ndiyo maana teknolojia hii ilikuja kufaa kwenye mifereji ya hewa ya majengo makubwa yenye viyoyozi. Chumbani sauti inakwenda kila upande, inagonga ukuta, inarudi, inapanda darini, inatokea chini ya kitanda. Hapo ndipo shughuli inapoanza.

Asiyeniamini ajaribu kwa vifaa vya nyumbani. Tafuta spika mbili zinazofanana za redio ya zamani, zile zenye nyaya za kuchomeka kwa nyuma, nyekundu na nyeusi. Kwenye simu weka programu ya kutoa mlio wa masafa unayotaka, chagua hezi 100, yaani mitikisiko 100 kwa sekunde, ule mngurumo wa besi. Kisha kwenye spika moja badilisha nyaya: nyekundu iende kwenye nyeusi, nyeusi kwenye nyekundu. Zitazamanishe spika hizo, karibu zigusane. Mngurumo unakufa. Wageni wangu wote hapo huangalia kama waya umechomoka. Waya uko sawa na spika zote mbili zinatikisika, ila hewa inayosukumwa na moja inamezwa na mwenzake, inacheza katikati yao kama maji kwenye beseni linalotikiswa, na chumbani haitoki.

Sasa zitenganishe polepole. Kiganja kimoja, bado kimya. Mkono mzima, unaanza kusikia. Zikifika karibu mita mbili mbalimbali, mngurumo umerudi, tena ukitembea chumbani utakuta mahali panapovuma kuliko spika moja ikipigwa peke yake, na hatua chache pembeni utakuta mahali penye ukimya wa ajabu. Nishati haijafutwa tena, imepangwa upya. Ukipata kona moja tulivu, ujue kuna kona nyingine imezidishiwa, na palipozidi kelele inaweza kupanda kwa desibeli sita, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti.

Hesabu yake ni rahisi. Kwenye joto la Dar la nyuzi 30, sauti inasafiri kama mita 349 kwa sekunde. Gawanya kwa masafa upate urefu wa wimbi moja. Hezi 50 ni mita saba, ukubwa wa nyumba ndogo. Hezi 100 ni mita tatu na nusu. Hezi 1,000, ambako maneno ya watu yanaanza kueleweka, ni sentimita 35. Hezi 4,000, kwenye filimbi ya trafiki na zile "s" kali za wasemaji wa redioni, ni chini ya sentimita tisa. Mwaka 1988 watafiti wa Southampton, Uingereza, walionyesha kwamba ukifuta kelele kwenye nukta moja ndani ya chumba ambacho kelele inatoka pande zote, eneo tulivu unalolipata, kwa punguzo la desibeli kumi, lina upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya urefu wa wimbi. Desibeli kumi si haba: sikio huhesabu kwamba kelele imebaki nusu.

Basi piga mwenyewe. Kwa mngurumo wa hezi 100 utapata eneo la sentimita 35, kichwa kimoja na mto wake. Kwa hezi 1,000 utapata sentimita tatu na nusu, yaani sikio. Kwa hezi 4,000 hupati hata sentimita moja, na ukigeuza shingo umeshatoka nje ya eneo lako. Hedifoni inafanya kazi kwa sababu imelikubali hilo tangu mwanzo: spika imebanwa kwenye sikio, maikrofoni iko pembeni yake, na nafasi ya kutulizwa haizidi kikombe cha kahawa. Hata hivyo inafuta besi tu. Milio mikali inazuiwa na sponji na ngozi ya kikombe, kazi ya kizamani kabisa. Amar Bose alianza kupiga hesabu za hedifoni yake ndani ya ndege akitoka Zurich kwenda Boston mwaka 1978, na ya kwanza kuuzwa, ya marubani, ilitoka mwaka 1989. Miaka kumi na moja, kwa ajili ya masikio mawili.

Wazo la kuacha chumba na kutuliza kichwa nalo ni la siku nyingi. Mwaka 1953 Harry Olson na Everet May wa kampuni ya RCA walieleza kifaa cha kuwekwa kwenye kiti, karibu na kichwa cha abiria: maikrofoni na spika mahali pamoja, ukimya uishie kwenye mabega. Ukitaka kuona ndugu wa wazo hili kwa nauli ya Kitanzania, panda Dash 8-Q400 ya Air Tanzania, zile zilizoanza kufika Septemba 2016. Hiyo Q inasimama badala ya neno la Kiingereza lenye maana ya utulivu. Kila injini ina pangaboi la mapanga sita, linalozunguka mara 850 kwa dakika ndege ikishatulia angani, kwa hiyo mapanga yanapiga hewa mara 85 kwa sekunde karibu kabisa na madirisha. Ndani ya kabini kuna maikrofoni zilizofichwa, na kwenye mbavu za ndege kuna vitikisio vinavyotikisika kinyume cha mtikiso wa mapanga. Walioijenga walikifuata chuma chenyewe kinachotikisika, kabla hakijaigeuza hewa ya ndani kuwa mngurumo. Injini tayari inaiambia kompyuta inazunguka mara ngapi, na masafa yenyewe ni hayohayo muda wote ndege ikiwa imetulia angani. Hakuna kelele nyepesi kufuta kama hiyo.

Kwangu kuna kelele ya ukoo huo. Nyuma ya ukuta wa uani kuna baa, na umeme ukikatika wanawasha jenereta dogo la petroli. Jenereta la aina hiyo linazunguka mara 3,000 kwa dakika ili litoe umeme wa hezi 50. Injini yake ya silinda moja, ya mipigo minne, inalipuka mara moja katika kila mizunguko miwili, ndiyo kusema milipuko 25 kwa sekunde, na juu ya hiyo 25 zinapandana ngazi zake: 50, 75, 100, 125 na kuendelea. Iliyokuwa inaingia chumbani kwetu kwa nguvu ni ile ya 100. Nikasema huyu tunamuweza.

Uzuri wa kelele ya injini ni kwamba haina jipya. Mpigo unaokuja ni nakala ya uliopita, hivyo kompyuta ikichelewa haijaharibu kitu, inalenga tu mpigo wa mbele. Niliunganisha maikrofoni niliyoitundika juu ya mto wangu, kadi ya sauti ya kazini, sabufa, na laptopu yenye programu ndogo inayojirekebisha: inasikiliza kilichobaki, inabadili ukubwa na wakati wa mlio inaoutoa, inasikiliza tena, inabadili tena, mpaka kilichobaki kiwe kidogo kabisa. Kanuni hiyo ya kujirekebisha waliitoa Bernard Widrow na mwanafunzi wake Ted Hoff wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1960, na wajukuu zake wamejaa ndani ya hedifoni za leo.

Ilikubali. Nililala chali, jenereta likinguruma, na baada ya sekunde chache ule uzito kifuani ukaondoka. Ulibaki mkwaruzo mwembamba wa bomba la moshi na muziki wa baa wenyewe. Nilikuwa bado natabasamu gizani nikasikia upande wa pili:

"Baba watoto, hawa watu wameongeza jenereta la pili?"

"Hapana. Sogea huku, weka kichwa kwenye mto wangu."

Akasogea, akasikiliza, akarudi kwake, akasikiliza tena. "Kwa hiyo kelele yako umenihamishia mimi."

Sikuwa na la kujibu, maana ndicho hasa kilichokuwa kimetokea. Mito yetu imeachana zaidi ya zile sentimita 35, na kule kwake sabufa yangu ilikuwa inaongeza badala ya kupunguza. Ningeweza kuongeza maikrofoni ya pili na spika ya pili, hesabu zipo, lakini chumba cha kulala chenye nyaya za studio mpaka kitandani kina gharama zake ambazo hazipimwi kwa desibeli. Halafu friza la baa nalo. Likijiwasha, jenereta linashtuka, mizunguko inashuka kidogo, masafa yanateleza kutoka 100 kwenda 98, na programu inabaki ikikimbizana nayo. Kwa muda huo milio miwili inapishana, na mngurumo unaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka. Wanaotunza ala za muziki wanaujua mpishano huo, ndio wanaoutumia kulinganisha nyuzi za gitaa. Kitandani haufurahishi. Kelele iliyosimama mwili unaizoea, inayopumua inakuamsha.

Kilichotusaidia kweli hakikuwa na umeme ndani yake. Chumba chetu kina urefu wa karibu mita tatu na nusu, na kitanda kilikuwa kimeegemea ukuta wa mwisho, vichwa vyetu vikigusa tofali. Kwa besi, ukutani ndiyo mahali pabaya kuliko pote: wimbi linapogonga na kurudi linajirundika palepale. Mngurumo wa hezi 100 unaingia wimbi zima kati ya kuta zile mbili, kwa hiyo unakuwa na vilele vitatu, viwili kwenye kuta na kimoja katikati, na mabonde mawili, robo ya urefu kutoka kila upande. Robo ya chumba chetu ni kama sentimita 90. Tukakivuta kitanda hadi vichwa vifike hapo, nyuma yake tukaweka kapu la nguo na sanduku la shangazi. Bonde la namna hiyo halina umbo la duara lililobana kichwa kimoja. Ni mstari unaokata chumba kwa upana, mito yote miwili imo. Mama watoto alikubali kwa kusema "haya, hapo sawa", na kwa anayemjua, hicho ni cheti. Mwenye chumba cha vipimo vingine atembee tu polepole jenereta likiwa limewaka, kichwa akikiweka kwenye usawa wa mto. Bonde analipata kwa masikio yake mwenyewe, bila hesabu.

Jenereta lenyewe nalo lilitafutiwa dawa. Nilimfuata mzee anayelihudumia, tukasalimiana vizuri, nikamuomba wageuze bomba la moshi litazame barabarani na wajenge kikuta cha tofali upande wangu. Alitaka kujua mfuko wa saruji unatoka wapi. Ukatoka kwangu. Kelele ya injini ukiikamata inapotokea, kwenye tundu la ukubwa wa ngumi, unashughulika na tundu moja. Ukiiacha ikafika chumbani, unashughulika na kila kona ya chumba.

Hayo ni ya jenereta. Kelele nyingi za mtaani haziko hivyo. Honi ya bodaboda, mbwa, mlango wa geti, mtu anayecheka, mdundo wa ngoma za kigodoro: hakuna kompyuta inayojua nini kinafuata. Hapo sharti mfumo usikie kelele ikiwa nje bado, ukokotoe, na utoe kinyume chake kabla haijapita. Ukiigawa sekunde mara elfu, sauti inatembea mita moja kwa takriban vipande vitatu tu. Laptopu ya kawaida ikichelewa vipande kumi tu vya namna hiyo, kelele imeshavuka chumba. Spika ya Bluetooth ndiyo usiitaje: inachelewa sehemu ya kumi ya sekunde na zaidi, na kwa muda huo honi imeshafika mita 35 na kuingia kwa jirani. Ndiyo maana programu yoyote ya simu inayoahidi kufuta kelele za chumba kwa kutumia spika ya simu, nakushauri uipitie mbali. Pengine inatoa mlio wa mvua au wa upepo ili kuifunika kelele, jambo ambalo si baya, lakini feni yako inalifanya bure na kukupoza juu yake.

Na niseme kitu ambacho wauzaji wa ukimya hawakisemi. Sitaki kila kitu kifutwe. Nataka nisikie mtoto akilia, nataka nisikie "mwizi!" ikipigwa usiku, na adhana ya alfajiri ndiyo saa yetu hapa mtaani, Waislamu na wasio Waislamu. Ninachokitaka ni kupunguziwa ule mzigo wa besi na magari usiokwisha.

Turudi kwenye nyumba. Watu wa studio mtaani hubandika trei za mayai ukutani wakiamini zinazuia kelele. Trei ni karatasi. Inapunguza kidogo mwangwi wa milio mikali ndani ya chumba, na besi ya jirani inaipita bila hata kuisalimia. Kinachozuia sauti ni uzito: ukuta wa tofali la inchi sita, uliopigwa plasta pande zote mbili, unazuia vizuri sana, desibeli 40 na kitu. Sasa angalia tunachoufanyia ukuta huo. Tunautoboa dirisha, tunaweka nondo na wavu wa mbu, tunaliacha wazi kwa sababu ya joto. Hesabu ya tundu ni ya kikatili. Ukiacha sehemu moja ya kumi ya ukuta ikiwa wazi, hata kama sehemu tisa zilizobaki zingekuwa chuma cha meli, ukuta mzima unazuia desibeli kumi tu. Ukiacha sehemu moja ya mia, desibeli 20. Matofali ya matundu juu ya mlango, uwazi kati ya ukuta na bati, pengo chini ya mlango: vyote vinahesabiwa humo. Ndiyo maana anayehamia nyumba ya "ukuta mnene" hushangaa kwamba bado anasikia kila kitu. Ukuta mnene hausikilizwi na mtu, tunasikiliza dirisha.

Wazee wa Mji Mkongwe, Unguja, walikuwa na jibu lao: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, madirisha ya mtaani yenye mbao nzito, na upepo unavutwa kutoka uwanja wa ndani. Kelele ya mtaa ilibaki mtaani. Sisi wa viwanja vya Sinza hatuna uwanja wa ndani, tuna ukuta wa jirani.

Ndiyo sababu kazi iliyonivutia kuliko zote haikutoka Ulaya wala Marekani. Ilitoka Singapore, kwenye Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Nanyang, ikachapishwa mwaka 2020. Singapore ni nchi ya joto na unyevu, watu wanaishi ghorofani madirisha yakiwa wazi, na madirisha yao yana grili za chuma kama zetu. Bhan Lam, Gan Woon Seng na wenzao walichukua spika 24, kila moja na upana wa sentimita nne na nusu, wakazifunga kwenye grili ya dirisha, mistari kwa mistari. Hawakujaribu kutuliza chumba. Walilichukua dirisha lenyewe kama mlango ambao kelele yote lazima ipite, wakaweka walinzi mlangoni. Spika zikiwa karibukaribu kuliko nusu ya urefu wa wimbi, sauti inayoingia haipati nafasi ya kupenya kati yao bila kukutana na kinyume chake, na kinachofutwa pale kinakuwa kimefutwa kwa chumba kizima, kwenye mto wangu na wa mama watoto. Kelele za magari, treni na ndege zilipungua kwa kiasi kinachofika desibeli kumi, dirisha likiwa wazi na upepo ukipita.

Ukikumbuka ile hesabu ya tundu utaona desibeli kumi hizo zina maana gani. Ni sawasawa na kuziba sehemu tisa kati ya kumi za dirisha, bila kuziba chochote. Mimi nikisoma hilo nilisimama.

Mipaka yake wameisema wenyewe. Mfumo unafanya kazi kati ya hezi 300 na 1,000. Chini ya hapo spika ya upana ule haina pumzi ya kusukuma hewa ya kutosha, kwa hiyo besi ya baa itapita na jenereta litapita. Juu ya hapo mawimbi yanakuwa mafupi mno kwa nafasi iliyopo kati ya spika. Lakini kati ya hapo ndipo penye mngurumo wa matairi na injini za barabara kubwa. Anayeishi kando ya Morogoro Road angepumua. Anayeishi nyuma ya baa abaki na kitanda chake cha robo.

Kuna upande wa sheria pia. Tanzania ina kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chombo cha serikali cha mazingira ndicho msimamizi, na Kenya ina zake za mwaka 2009. Nazitaja kwa kuwa kila ninapoongea habari za spika 24 kuna mtu huniambia fedha hizo ningezitumia kwenda serikali ya mtaa. Ana hoja. Ila barabara kubwa huwezi kuishtaki kwa mjumbe, na magari hayatageuzwa yatazame upande mwingine kwa mfuko mmoja wa saruji.

Kwa hiyo nimeanza kumsumbua fundi wa aluminiamu anayetengeneza madirisha ya mtaa wetu. Nondo anazichomelea tayari, nafasi kati ya nondo na nondo ni ya kiganja, spika ndogo zinapatikana Kariakoo, na nyaya zinaweza kupita ndani ya fremu. Kazi ngumu ni maikrofoni ya nje, isilowe mvua ya masika, na kompyuta inayoweza kuongoza njia 24 bila kuchelewa, ambayo hiyo hata mimi siwezi kuiungaunga kwa vifaa vya studio. Nilimchorea kwenye kipande cha boksi. Akakigeuza, akakitazama kwa muda, akauliza maswali mawili. La kwanza, mbu watapita wapi, maana wavu utakaa mbele au nyuma ya spika? Nyuma, nikamwambia, upande wa chumbani, sauti inapita wavu bila shida. La pili likanishinda: vumbi la Sinza hili, bosi, hizo spika 24 nani atakuwa anazifuta?